Kukoboa au dona? Kwa nini ushauri wa lishe hauishi kugeuka

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mashine nyingi za unga za Uyole, Mafinga au Makambako zina vinu viwili: kimoja cha kukoboa, kingine cha kusaga. Mteja akishusha debe lake, swali ni moja tu: "Kukoboa au dona?" Anayekoboa analipia kazi mbili, anaondoka na unga mweupe ulio pungufu kuliko mahindi aliyoleta, na pumba anazibeba kwa ajili ya nguruwe au anaziacha palepale. Anayesaga dona analipia kazi moja na haachi kitu. Kwa hesabu ya mfukoni, dona ilipaswa kushinda zamani sana. Haikushinda. Kwa miaka mingi sembe ndiyo iliyokuwa unga wa wageni na wa harusi, dona ikabaki chakula cha shule za bweni. Leo upepo umegeuka. Mtu wa mjini mwenye presha au kisukari anaambiwa na kila anayekutana naye ale dona, na madukani inapangwa kwenye vifuko vya kuvutia, mara nyingine kwa bei isiyo ya kimaskini hata kidogo.

Dona haiko peke yake. Mayai yalikatazwa, yakaruhusiwa. Mafuta yalilaumiwa, kisha lawama ikahamia kwenye wanga. Parachichi liliogopwa kwa sababu lina mafuta, sasa linasifiwa kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayepokea mambo haya kupitia WhatsApp ana haki ya kuchoka. Sehemu ya kugeuka huku ni sayansi inayojisahihisha, na sehemu ni biashara ya watu. Lakini kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana: ushauri hutolewa kwa watu fulani wenye tatizo fulani, halafu unasafiri na kutua kwenye sahani isiyo yake. Ndiyo maana, kabla ya kuufuata au kuudharau, inabidi kuuliza mambo mawili: ni wa nani, na ni badala ya nini?

Kilichomo ndani ya punje

Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda lenye nyuzinyuzi. Upande wa chini, karibu na pale inaposhikana na gunzi, kuna kiini, ambacho ndicho kingeota. Humo ndimo yalimo mafuta mengi ya punje, vitamini kadhaa za kundi B, na madini kama chuma na zinki. Iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni wanga. Kinu cha kukoboa huvua ganda na kung'oa kiini. Gunia la kilo 100 hutoa sembe ya kilo 70 hadi 80, kutegemea umekoboa mara ngapi, na kilichoondoka ndicho kilichobeba virutubisho vingi kwa uzito wake.

Thamani ya maganda iligunduliwa kwa kuku. Miaka ya 1890, katika kisiwa cha Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa unaodhoofisha mishipa ya fahamu, kisha wakapona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Mwaka 1912 Casimir Funk akabuni neno vitamini. Wakati huo kusini mwa Marekani watu maskini waliokuwa wakishindia unga wa mahindi uliosafishwa viwandani walikuwa wakiugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Joseph Goldberger, kuanzia 1914, alionyesha kuwa chanzo ni chakula, na mwaka 1937 ikatambuliwa kuwa niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, ndiyo inayotibu.

Jambo la ajabu ni kwamba Mexico, yalikotoka mahindi, pelagra haikuwa janga. Wenyeji wa kule huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalivuka bahari, chokaa ikabaki nyumbani. Kwetu kinachokinga ni kitoweo: maharage, karanga, dagaa, maziwa. Maana yake ni kwamba hata dona, ikiliwa kwa chumvi tu, haitoshi.

Nyuzinyuzi nazo zilipata sifa kwa kupitia Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alishangaa kuona magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, ni nadra kwa wanavijiji. Pamoja na Hugh Trowell, ambaye naye alitibu watu Uganda kwa miaka mingi, alisema sababu ni chakula kisichokobolewa. Miaka ya 1970 Waingereza wakaanza kununua pumba za ngano na kunyunyizia kwenye kifungua kinywa. Angalia jinsi njia zilivyopishana: London ilikuwa ikiambiwa ile kama kijiji cha Uganda, wakati huohuo kijiji cha Iringa kikijifunza kuona aibu ya unga usio mweupe. Burkitt alitia chumvi kidogo kwa kulaumu karibu kila kitu kwenye ukosefu wa nyuzinyuzi. Hata hivyo kiini cha hoja yake kimesimama: uchambuzi mkubwa uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani na kutolewa 2019 ulikuta kwamba watu wanaopata gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku wanaugua moyo, kisukari na saratani ya utumbo kwa nadra zaidi.

Kwa hiyo tule dona? Ndiyo, kwa masharti. Kiini kina mafuta, na mafuta yakishasagwa yanakutana na hewa. Baada ya wiki chache unga unakuwa mchungu. Sembe inakaa miezi kwa sababu kilicho rahisi kuharibika kimeondolewa, na hiyo ndiyo sababu ya kweli wafanyabiashara waliipenda. Dawa yake ni kusaga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili au tatu, badala ya gunia zima.

Sharti la pili ni zito zaidi. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, ukipika ugali saa nzima sumu bado imo. Kukoboa huipunguza sana, kwa hiyo anayekula dona ya mahindi mabaya anapata sumu nyingi kuliko anayekula sembe ya mahindi yaleyale. Nyanda za Juu Kusini zina baridi, ukungu huu hauzipendi sana, lakini mvua inayokuta mahindi bado shambani, au gunia lililowekwa juu ya sakafu tupu, vinatosha kuharibu mambo. Kausha mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13. Usipokuwa na kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Kabla ya kwenda mashineni, chambua na kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizobunguliwa. Mahindi usiyoyaamini yatupe. Usiwape hata kuku, kwa sababu sumukuvu inawadhuru wao pia.

Protini, na jinsi Iringa ilivyobadilisha mawazo

Hakuna ushauri uliowahi kuigusa Afrika kama ule wa protini. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele zikageuka rangi, ngozi ikabanduka. Ndio unyafuzi, ambao ulimwenguni unajulikana kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa kule, kwashiorkor. Alihisi tatizo ni uhaba wa protini kwenye chakula anachopewa mtoto akishaachishwa ziwa. Mwaka 1952 ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliutangaza kuwa tatizo kubwa la lishe barani, na kwa miaka ishirini dunia ilitafuta protini kila mahali: maziwa ya unga, unga wa samaki, hata protini ya vijidudu vilivyooteshwa kwenye mafuta ya petroli. Mabango yetu ya shule, yenye vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, ni ya zama hizohizo.

Kisha hesabu ikarudiwa. Mwaka 1973 wataalamu wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (Shirika la Afya Duniani) walishusha makadirio ya protini anayohitaji mtoto, na ghafla lile pengo kubwa la protini likawa dogo. Mwaka uliofuata Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba juhudi nzima ilikuwa imepotea njia: watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa ujumla. Mtoto asiyepata nishati ya kutosha huchoma hata protini anayoila, kama mtu anayekata nguzo za nyumba apate kuni.

Hapo ndipo Iringa inapoingia, Iringa ya zamani iliyokuwa na Njombe ndani yake. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, WHO na UNICEF kwa fedha za Italia walishirikiana na serikali kuendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito hapohapo kijijini, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji yenyewe: nani anapungua, kwa nini, tufanye nini, kisha tupime tena. Majibu yaliyotoka hayakuwa yale ya mabango. Mtoto alipungua kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, uji unapikwa mara mbili kwa siku, kuhara kunajirudia, anayebaki naye ni dada wa miaka minane. Utapiamlo mkali ulishuka, na mwaka 1990 UNICEF ilipochora mchoro wake maarufu wa visababishi vya utapiamlo, wenye chakula, afya na matunzo pamoja, ulikuwa umebeba mengi yaliyojifunzwa huku.

Inauma kwa hiyo kusoma takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022: udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, wakati wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Magunia yapo; tazama kikombe cha mtoto.

Uji mwepesi unaonyweka vizuri una unga kama asilimia 5 tu. Kikombe cha robo lita kinabeba gramu 12 hivi za unga, yaani kilokalori 45. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka chakula cha nyongeza. Gawanya: karibu vikombe saba. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kikombe kimoja kwa mlo, na mama hayupo nyumbani mara saba. Ukisema basi uongezwe unga, ukifika asilimia 20 uji unakuwa kama ugali laini na mtoto anautema.

Kuna mbinu iliyochunguzwa na watafiti wa Tanzania tangu miaka ya 1980, na kila anayepika pombe ya kienyeji anaijua nusu yake: kimea. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga. Osha ulezi, loweka usiku mmoja, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, anika juani, sugua vimizizi vitoke, saga. Ukiona ukungu katika siku hizo, tupa wote. Tumia ulezi, usitumie mtama: mtama unaochipua hutengeneza sumu ya sianidi kwenye machipukizi na mizizi.

Kisha pika uji mzito: gramu 50 za unga, kama vijiko vikubwa vitano, kwa kikombe kimoja cha maji, uive kabisa. Epua, uache upoe kidogo mpaka moto wake uwe wa kuvumilika ulimini kwa mtu mzima. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji mzito unalainika machoni pako na kunyweka. Urudishe jikoni uchemke tena dakika tatu, nne, kwa usalama. Kikombe hicho kina kilokalori 180 hivi, na viwili kwa siku vinapita kile ambacho vikombe saba vya mwepesi vilikuwa vikihangaikia. Wanaoshindwa huwa wametia kimea uji ukiwa unatokota: kimeng'enya kinakufa, uji unabaki mzito, na lawama inaangukia kimea. Wengine wanauona umelainika wanadhani umepoteza nguvu, wanaongeza unga mbichi. Hauhitaji.

Uji wa mtoto umevamiwa na mtindo mwingine: unga wa lishe wenye nafaka nane, kumi, hata kumi na mbili, pamoja na soya, karanga na dagaa, vyote vikasagwa pamoja. Unavutia kwa sababu unaonekana kumaliza kila kitu. Lakini nafaka tano zinatoa wanga uleule mara tano. Karanga zikisagwa na kukaa zinachacha, na ndizo zinazoongoza kwa sumukuvu. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, na dakika za kuivisha uji wa mahindi hazitoshi kuviharibu. Lazima ichemshwe nusu saa, imenywe na kukaushwa kabla ya kusagwa. Njia rahisi na bora ni nafaka moja au mbili, sehemu tatu kwa sehemu moja ya jamii ya kunde iliyoivishwa, na karanga zilizochaguliwa na kutwangwa siku hiyohiyo zitiwe jikoni. Baada ya miezi 6, mtoto apate mlo mara mbili hadi tatu. Kuanzia miezi 9, mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya.

Mafuta, na lile swali la "badala ya nini"

Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo, na hofu ya moyo ikaingia kila nyumba ya kule. Ancel Keys, mtafiti wa lishe wa hukohuko, alikuwa na maelezo tayari: mafuta ya wanyama hupandisha lehemu (kolesteroli), lehemu huziba mishipa. Uchunguzi wake wa nchi saba ulianza 1958. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ikawashauri Wamarekani wapunguze mafuta na waongeze wanga, na piramidi ya chakula ya 1992 ikaweka chini kabisa, kama msingi, mikate na nafaka, vipimo 6 hadi 11 kwa siku. Mwingereza John Yudkin, aliyesema mapema miaka ya 1970 kwamba sukari ndiyo ya kuogopa, alidhihakiwa. Mwaka 2016 nyaraka zikaonyesha kuwa mapitio mashuhuri ya kisayansi ya 1967 yaliyoisafisha sukari yalilipiwa na chama cha wenye viwanda vya sukari.

Keys hakukosea kila kitu. Mafuta ya wanyama hupandisha lehemu mbaya kweli. Kilichoharibika ni mbadala. Aliyeacha siagi akala maharage na alizeti alinufaika. Aliyeacha siagi akanunua biskuti za "mafuta kidogo" zilizojazwa sukari hakupata kitu. Na aliyehamia mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni alijidhuru zaidi, kwa sababu yalileta mafuta ya trans, ambayo Denmark iliyabana kwa sheria mwaka 2003. Kuhusu mayai, moja lina miligramu zipatazo 186 za lehemu, na kikomo cha zamani kilikuwa 300 kwa siku. Mwongozo wa Marekani wa 2015 ulikiondoa kikomo hicho, maana lehemu ya kwenye chakula huathiri ile ya damuni kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Haya yalikuwa mazungumzo ya watu wanaokula nyama kila siku. Yalipofika Ludewa au Kilolo, yalikuta sahani ya ugali na mboga za majani zilizochemshwa kwa maji na chumvi. Hapo mafuta ni pungufu tayari. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya maboga au chainizi hufyonzwa na mwili ikiwa na mafuta pembeni. Bila mafuta nyingi inapita tu. Kijiko kimoja cha alizeti kwenye sufuria, au vipande vya parachichi la Rungwe pembeni ya ugali, vinafanya kazi hiyo, na mtoto wa chini ya miaka miwili hapaswi kunyimwa mafuta hata kidogo. Ushauri wa kupunguza unamhusu jirani yake wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, anayekula chipsi mayai kila jioni kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Mafuta yanayotoa povu, yaliyokuwa meusi na yanayofuka moshi kabla ya kupata moto sawasawa yamekwisha. Kuongezea mapya juu yake ni kuharibu mapya.

Vita vya wanga

Aliyeanzisha mtindo wa kuacha wanga si daktari wa mtandaoni. William Banting, mtengeneza majeneza wa London, aliandika kijitabu mwaka 1863 akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Robert Atkins akaurudisha 1972. Ule mkali zaidi, keto, ulibuniwa 1921 katika kliniki ya Mayo, Marekani, na Russell Wilder kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na bado unatumika hivyo kwa watoto ambao dawa zimewashinda.

Kinachowavuta watu ni wiki ya kwanza. Mwili huhifadhi karibu nusu kilo ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu imeshikilia maji kama gramu tatu. Acha ugali siku tano, hifadhi inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka kilo mbili. Mafuta ya tumboni hayajaguswa sana. Kwa muda mrefu tofauti inafifia: jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililotolewa 2018 lilifuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mmoja, waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, na tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Wote walikuwa wameambiwa waache sukari na vyakula vya viwandani, wale mboga nyingi. Pengine hapo ndipo siri ilipo.

Kwa mgonjwa wa kisukari kupunguza wanga kunasaidia kweli kushusha sukari, na hapohapo ndipo ajali hutokea. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi ana dozi iliyopangwa kwa ugali aliokuwa akila. Akiuondoa ghafla na dozi ikabaki, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Dozi irekebishwe na daktari kwanza, sahani baadaye. Na asiye mgonjwa hana haja ya kuufukuza ugali. Apunguze mlima wake uwe robo ya sahani, nusu iwe mboga, robo maharage au samaki.

Ndimu, kundi la damu na vidonge

Mengine hayahitaji nafasi kubwa. Mtindo wa kuchagua chakula kulingana na kundi lako la damu ulitangazwa 1996 na Peter D'Adamo, na walioupima hawakukuta uhusiano wowote na kundi la damu. Hakuna kinywaji kinachosafisha sumu kuliko ini na figo zako. Vidonge vya virutubisho navyo si chakula kilichofupishwa: huko Finland wavutaji sigara 29,133 walishirikishwa katika jaribio lililotolewa 1994, na waliopewa beta-karotini, rangi ileile ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Maji ya ndimu asubuhi hayayeyushi mafuta. Ila ndimu hiyohiyo ikikamuliwa juu ya maharage au mnafu inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ambayo wajawazito wengi wanayakosa. Chai inafanya kinyume: ikinywewa pamoja na mlo inayazuia. Wakulima wa chai wa Mufindi na Rungwe hawatafurahi kusikia, lakini chai isubiri saa moja baada ya chakula.

Ushauri ambao haujawahi kugeuka

Mvua za milimani zimesomba madini joto kutoka kwenye udongo wetu kwa maelfu ya miaka, na mimea haiwezi kutoa kisichokuwamo ardhini. Ndiyo maana rovu lilikuwa kitu cha kawaida kwenye shingo za watu wa nyanda hizi, na nyuma yake kulikuwa na hasara isiyoonekana: mtoto aliyekosa madini joto tumboni huzaliwa akili imeguswa. Uswisi ilianza kuyatia kwenye chumvi 1922. Kwetu vilitangulia vidonge vya mafuta yenye madini joto miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi yote ya kula iwe nayo, na rovu likapungua haraka. Hakuna mtindo uliolipindua hili kwa miaka mia moja, na hakuna anayelisambaza kwenye makundi ya simu.

Chumvi iliyovunwa kienyeji, kama ile ya Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, haina kinga hiyo isipoongezewa. Mwenye presha apunguze hadi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo kimoja kwa vyote alivyokula, lakini hicho kidogo kiwe chenye madini joto. Yanapotea kwa joto, jua na unyevu. Kifuko kilichofunguliwa na kuachwa juu ya meko kinakuwa chumvi tupu baada ya muda. Kiweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moto, na chumvi itiwe mboga ikishaiva, sufuria ikiwa inaepuliwa.